Maswali ya wasomaji: Shimoni, Wasini na Kisite

Toleo lililopita tuliweka picha moja tu ya Shimoni, tena ndogo pale chini ya ukurasa, na tangu hapo meseji hazijakatika. Kwa ambao hamkuiona: Shimoni ni kijiji cha wavuvi kwenye ncha ya rasi, kaunti ya Kwale, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya karibu na mpaka wa Tanzania. Mbele yake kuna kisiwa cha Wasini, na nje zaidi kuna bahari ya hifadhi, ile Kisite-Mpunguti. Wageni wengi huletwa na gari la hoteli asubuhi, wanaona pomboo, wanakula kaa, saa kumi na moja wako Diani kwenye kiti cha bwawa. Mi sipingi, lakini mtaona kwenye majibu nawasukuma mlale huko, na sababu yenyewe ni maji: yanajaa na kupwa kwa ratiba yao, na gari la hoteli lina ratiba yake, hizi mbili mara nyingi hazikutani. Maswali nimeyafupisha, majina nimeyatoa.

*

SWALI: Habari ya kazi. Sisi ni familia ya watu watano, watoto wanafunga shule Agosti na tumepanga Shimoni. Rafiki yangu anasema Agosti bahari ni chafu tungoje Disemba. Ni kweli ama ananitisha tu? – Mama wa watatu, Nakuru

JIBU: Mama, rafiki yako hajakosea ila hajamaliza. Bahari yetu inaendeshwa na pepo mbili kubwa. Kusi inashika kuanzia kama Aprili mpaka Septemba hivi, inatoka kusini na inakuja na mawimbi, nje ya kisiwa maji yanachafuka na chini huoni mbali. Kaskazi ndiyo ya Disemba mpaka Machi, jua kali, maji meupe, unaona samaki ukiwa bado umekaa kwenye boti hujavaa hata miwani. Katikati ya hizo mbili, Oktoba na Novemba, kuna kipindi cha shwari ambacho watu wa huku tunakipenda sana na wageni hawakijui, bahari inalala kabisa asubuhi utadhani ni ziwa.

Sasa Agosti ina kitu kimoja ambacho Disemba haina, nyangumi. Wale wakubwa wenye nundu wanapanda kutoka maji baridi ya kusini mwa dunia kuja kuzalia kwenye maji ya joto, na Julai mpaka Septemba wanapita mkondo wa Pemba, mbele ya Shimoni hapo hapo. Si kila siku unawaona na asikuahidi mtu, lakini mtoto akiona ule moshi wa maji unaruka mbali halafu mgongo mweusi unazunguka taratibu, hiyo safari amemaliza. Kwa hiyo chagua: ukitaka matumbawe na kuogelea nenda Disemba, ukitaka bahati ya nyangumi nenda Agosti na ukubali kurushwa rushwa kidogo. Dawa ya kichefuchefu wape watoto kabla ya kupanda boti, si mtu akishaanza kutapika, hapo umechelewa.

Na siku ikiamka mbaya msilazimishe kutoka nje. Mkondo ulio kati ya Shimoni na Wasini umekingwa na kisiwa chenyewe, kwa hiyo hata kusi ikivuma mnaweza kuvuka, kutembea kisiwani, kula, kurudi, na Kisite mkaiacha mpaka kesho yake. Ndiyo faida ya kulala. Mwenye siku moja tu atatolewa nje hata mawimbi yawe vipi, kwa sababu ashalipa.

Aprili na Mei mi ningeacha kabisa. Mvua za masika, maji ya mito yanaingia baharini, na nahodha wengi wanatumia hiyo nafasi kupandisha vyombo na kuvitengeneza.

*

SWALI: Sasa. Mi ni mtu wa bajeti, sina gari na sitaki hizo pakeji za ma-tour company. Kutoka Nairobi naingiaje Shimoni bila kuuza figo? – Kijana wa Umoja

JIBU: Figo bakia nayo. Chukua treni ya SGR mpaka Mombasa, inakushusha Miritini. Hapo una njia mbili. Ya kwanza ni ile ya zamani, unaingia mjini, unavuka Likoni kwa feri, anayevuka kwa miguu halipi kitu, ng'ambo unapata matatu za Ukunda na za Lunga Lunga. Ya pili ni barabara ya Dongo Kundu, inazunguka kusini bila kugusa feri, nzuri kama mko wanne mmeshika gari moja mkagawana nauli.

Ukiwa kwenye matatu ya Lunga Lunga mwambie kondakta akushushe njia panda ya Shimoni, ni baada ya Msambweni na Ramisi. Kutoka hapo mpaka baharini ni kama kilomita 15, bodaboda wako, tuktuk wako, na matatu za kuingia ndani zipo ila zinangoja zijae na zinaweza kungoja kweli kweli. Mombasa mpaka Shimoni kwa jumla ni chini ya kilomita 90 lakini usijidanganye na hesabu ya kilomita, ukitoka Miritini mchana utafika jua linazama.

Pesa toa Ukunda. M-Pesa inatumika kila mahali mpaka kwa mama muuza mahamri, lakini mtandao una siku zake.

Halafu hili ndilo litakuokolea hela zaidi ya nauli: bei ya boti na kiingilio cha hifadhi ni vitu viwili. Kiingilio kinaenda kwa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kinalipwa kwa eCitizen, hakilipwi keshi mkononi mwa mtu, na kina viwango tofauti vya raia, vya wakaazi na vya wageni wa nje, kwa hiyo angalia cha wakati huo kabla hujatoka nyumbani. Wale vijana watakaokudaka ukishuka tu kwenye boda watakutajia bei tamu ya boti, umeshakaa ndani ndio unaambiwa "bado ya KWS bro". Uliza mwanzo kabisa: hii bei ina kiingilio, ina chakula, ina miwani ya kuzamia, ina laifjaketi? Akisitasita kwenye swali la laifjaketi, ondoka.

Kama uko peke yako usikodishe boti nzima. Lala, jioni zunguka gatini, ongea na watu, kesho asubuhi utaunganishwa na kikundi kingine mgawane gharama. Pia chama cha boti cha wenyeji kipo, na pale ofisi ya KWS ukiuliza nani anaruhusiwa kubeba wageni utaonyeshwa.

*

SWALI: Tulienda mwaka jana na ukweli sikufurahia. Pomboo tuliwaona lakini boti zilikuwa nyingi zinawafukuza, kila mmoja anakata kona mbele yao, watu wanapiga kelele, mwisho wakazama wakapotea. Hiyo ndiyo kawaida au tulipata siku mbaya? – Msomaji wa Kitengela

JIBU: Siku mbaya, lakini si siku ya ajabu, nisikudanganye. Msimu wa wageni wengi inatokea na inauma.

Pomboo wa Kisite na Mpunguti wengi wao ni wakaazi, si wapita njia. Wana sehemu zao wanawindia, wana sehemu wanapumzikia, wana watoto. Pomboo halali kama sisi, anapumzika huku anaogelea taratibu na kupanda juu kuvuta pumzi, kwa hiyo kikundi unachokiona kinakwenda polepole, kimekusanyika, huwa ndicho kimechoka. Ndicho pia rahisi kukipata, na ndicho boti zinakiangukia. Sasa mama na mtoto wake wakipigwa injini kila upande asubuhi nzima, watapumzika saa ngapi?

Nahodha anayejua kazi unamtambua mapema. Akiona mapezi anapunguza moto, anakwenda sambamba nao kwa pembeni, hawakatizi mbele wala haingii katikati, na kama kuna boti zingine zimeshawazunguka anangoja zamu yake au anakupeleka Kisite kwanza mrudi baadaye. Halafu mara nyingine anazima injini kabisa. Hapo ndio pomboo wenyewe wanakuja, wanapita chini ya boti, wengine wanalala upande wanakutazama. Hawaji kila mara, lakini wakija wenyewe utawaona vizuri kuliko hao wa kufukuzana.

Mteja ana nguvu kuliko anavyodhani. Kabla hamjaondoka gatini, mkiwa bado hamjalipa, mwambie nahodha kwa adabu, "baba, sisi hatuna haraka ya pomboo, tusiwafukuze, tukiwakosa tusilaumiane." Wengi watashukuru, maana wanafukuza kwa sababu wageni wanawashinikiza, kila mtu anataka video. Na hili la kuruka majini kuogelea nao, hapana, usiombe na ukipewa ofa kataa.

Ondoka mapema pia. Magari ya hoteli yanafika kama saa tatu, kwa hiyo aliyelala Shimoni akatoka saa moja asubuhi ana masaa mawili ya bahari tupu. Mi nashangaa watu wanalipa hela nyingi kukaa Diani halafu wanakuja kugombania pomboo na kila mtu aliyeko Diani.

*

SWALI: Assalaam alaikum. Sijui kuogelea, na navaa hijabu. Mume wangu na ndugu zake wanataka twende Kisite. Mimi nitakaa kwenye boti nilinde viatu ama kuna kitu naweza kufanya? – Dada wa Eastleigh

JIBU: Waalaikum salaam dada. Viatu wavilinde wenyewe, wewe ingia majini.

Wasini na Shimoni ni vijiji vya Waislamu, hakuna atakayekushangaa na nguo zako. Vaa suti ya kuogelea ya kufunika mwili, au tu leggingi na shati la mikono mirefu la kitambaa chepesi, na kwa kweli hata wasiovaa hijabu wangefanya hivyo, maana jua la mgongo likikuchoma ukiwa umeelea kifudifudi hulisikii mpaka usiku. Usiingie na baibui pana wala dira, maji yakishika kitambaa unakuwa mzito.

Laifjaketi vaa na ifungwe vizuri mpaka kamba za chini. Boti nyingi zina boya la duara, msaidizi anashika kamba analivuta wewe umelishika tu, uso ndani ya maji na ule mrija mdomoni, unapelekwa juu ya matumbawe umetulia. Mwambie akuanzishie sehemu fupi karibu na boti. Fanyia mazoezi mrija ukiwa umesimama kwenye maji ya kiunoni kama fungu la mchanga la Kisite liko wazi, hilo linatokea maji yakipwa na likifunikwa hakuna pa kusimama. Unaona tena, maji.

Ukisimama hakikisha ni mchanga. Matumbawe ni viumbe hai, yanakua taratibu mno, na mwaka 1998 bahari ilipopata joto lile la El Niño mengi ya pwani hii yalipauka yakafa, yaliyopo leo ni yaliyopona na yaliyoota upya. Mkwiro na Wasini, vijiji vya kisiwani, kuna watu, wengine wavuvi, wanayapandikiza kwa mkono. Usiyakanyage. Na wewe mwenyewe yatakukata, na kuna vile viumbe vyeusi vya miiba mirefu, ukimkanyaga mmoja utapelekwa hospitali ya Msambweni unalia.

*

SWALI: Kuna bichi nzuri Shimoni ya watoto kucheza mchanga? – Baba wa mapacha, Thika

JIBU: Hapana baba. Shimoni ni mwamba, mikoko na msitu mpaka ukingoni. Mchanga mtauacha Diani au Msambweni.

*

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia. Nimeambiwa mapango ya Shimoni yalifungiwa watumwa, halafu mwingine akaniambia hiyo ni hadithi ya kuvutia watalii tu. Nataka kuwaleta wanafunzi. Niwaambie nini? – Mwalimu, Kilifi

JIBU: Mwalimu, waambie vyote viwili: kinachojulikana, na namna kinavyojulikana, hilo lenyewe ni somo.

Pango ni la asili, mwamba wa matumbawe ya kale uliochimbwa na maji. Unashuka ngazi, ndani kuna vyumba, mwanga unaingia kwa matundu ya juu, mizizi inaning'inia, popo wengi mno, na kuna kisima ambacho kina maji ya kunywa. Linaendeshwa na wenyeji wenyewe kupitia kamati ya kijiji, na kiingilio kinasaidia mambo ya kijiji kama shule na zahanati. Watakuonyesha vyuma vilivyopigwa ukutani na kukuambia hapa walifungwa watu wakingoja jahazi la Unguja.

Wenyeji pia watakuambia mengine ambayo watalii hawayaandiki. Kwamba wazee waliabudia humu, lilikuwa mahali pa matambiko. Kwamba watu walijificha humu wakati wa mashambulizi kutoka bara. Pango moja limefanya kazi nyingi kwa karne nyingi, na moja haifuti nyingine. Habari za watumwa hapa zimetunzwa zaidi kwa midomo ya watu kuliko kwa karatasi, ndiyo sababu wengine wanazitilia shaka, lakini karatasi za wakati ule ziliandikwa na nani? Si na aliyekuwa ndani ya pango.

Ukitaka kuwapa wanafunzi kitu cha kushika, wape ramani na miaka. Mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikang'oa mikarafuu, Pemba ikasalimika, kwa hiyo mashamba ya Pemba yakawa na njaa ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash akashinikizwa na Waingereza kutia saini kufunga soko la watumwa la Unguja na kuzuia kuwasafirisha baharini. Biashara haikufa, ikahamia nchi kavu: misafara ikatembezwa kutoka upande wa Kilwa kupanda kaskazini kwa miguu, halafu watu wakavushwa usiku kwenda Pemba kutoka pwani inayoitazama. Mwaka 1876 Sultani akapiga marufuku na misafara hiyo. Sasa simamisha wanafunzi gatini Shimoni, waambie waelekee kusini mashariki, Pemba iko upande ule. Halafu waulize wenyewe sehemu kama hii, yenye mkondo uliofichwa nyuma ya kisiwa, na mapango, na kisima cha maji matamu ndani, ingetumika vipi. Na wajue kwamba hapa pwani ya Kenya hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa 1907, miaka kumi baada ya Unguja. Wako wazee wa Kwale ambao babu zao walizaliwa kabla ya hapo.

Pale pale kijijini kuna magofu ya majengo ya Waingereza wa mwanzo mwanzo, enzi za ile kampuni yao ya IBEA (Imperial British East Africa) iliyopewa hati mwaka 1888. Ni hatua chache tu kutoka pangoni, unganisha.

Wapeleke asubuhi kabla ya joto, viatu vya kushika maana chini kunateleza, na waambie wasipigie popo kelele. Kwenye msitu wa kando angalieni juu ya miti, mbega weusi wenye mabega meupe bado wapo Shimoni, na wanafunzi wengi wa pwani hawajawahi kumwona hata mmoja.

*

SWALI: Wasini yenyewe kuna nini zaidi ya kula kaa? Tunataka kukaa kisiwani siku mbili na mke wangu anaogopa tutaboeka. – Wanandoa wapya, Kisumu

JIBU: Hongereni. Kaa kwanza mle, msimruke. Anakuja mzima wa kuchemsha na kipande cha mti cha kumpasulia, halafu wali wa nazi na samaki wa kupaka, na mwani wa kukaanga ambao nusu ya wageni wanaukimbia, mi naumaliza.

Kisiwa hakina gari hata moja. Ni kirefu, chembamba, ncha hii kuna kijiji cha Wasini, ncha ile kuna Mkwiro, katikati ni kichaka na njia ya miguu juu ya mawe. Hiyo njia mtembee asubuhi na mapema mkiwa na kijana wa kuwaongoza na maji ya kutosha. Maji nayasema kwa uzito, kisiwa ni mwamba mtupu na tangu zamani watu wameishi kwa maji ya mvua ya kuvuna, kwa hiyo kama mmelala kwa watu msioge kama mko hotelini.

Nyuma ya kijiji cha Wasini kuna bustani ya matumbawe inayoendeshwa na kikundi cha akina mama. Ni matumbawe ya kale yaliyobaki juu wakati bahari iliposhuka, yamesimama wima katikati ya mikoko, mengine marefu kuliko mtu, na kuna daraja la mbao la kupitia juu. Maji yakiwa madogo ni uwanja mkavu wa mawe ya ajabu na kaa wekundu, bamvua (yale maji makubwa ya mwezi) likijaa maji yanaingia mpaka chini ya miguu yenu na inakuwa mahali pengine kabisa. Nendeni mara mbili, kiingilio chenyewe si cha kulalamikia na kinaenda kwa akina mama.

Namna ya kujua bamvua ni rahisi. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, hizo siku na zinazofuata, maji yanapwa mbali sana na kujaa juu sana, tofauti inaweza kufika karibu mita 4. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani hahitaji app, mwanzo wa mwezi na katikati. Na pwani yetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi na kujaa jioni kama saa kumi, saa kumi na moja. Kwa hiyo mkitua Wasini saa tano ya bamvua mtashuka kwenye boti na kutembea majini mmeshika viatu mkononi, mzee mwenye suti ya harusi msimlete siku hiyo.

Kuna pia makaburi ya zamani, ya Wavumba, waliokuwa na utawala wao pwani hii kabla ya haya mambo ya mipaka. Mengine yalipambwa kwa vigae vya kauri za China na alama zake bado mnaziona. Wazee wakiongea sikilizeni, Kivumba na Kichifundi si Kiswahili cha redio.

Mavazi: shemeji avae leso au dira akipita kijijini, wewe usitembee kifua wazi, picha ombeni kwanza. Pombe kijijini hakuna. Na Ramadhani chakula cha mchana cha wageni kinapatikana kwenye sehemu za wageni, ila msile mkitembea njiani.

Kuboeka ni kweli kunaweza kuwapata, jioni hakuna disko. Kuna vijana wanacheza mpira na kuna bao.

*

SWALI: Mambo vipi huko. Sisi tuko Tanga, ni washikaji wanne wapenzi wa kuvua. Tunaweza kuja Shimoni tukatupa ndoano hapo hifadhini? Na mpakani vipi? – Mvuvi wa Jumapili, Tanga

JIBU: Karibuni majirani, siku ya mwanga huku tunaiona milima yenu ya Usambara. Kisite ni hifadhi kamili, kama kilomita 28 za mraba, humo hakuna kuvua kwa namna yoyote, hata kokoto la ganda usiokote. Upande wa Mpunguti, kama kilomita 11 za mraba, wavuvi wa huku wanaruhusiwa uvuvi wa asili, lakini hiyo ni riziki yao na si mchezo wa mgeni. Nyinyi mnachotaka kiko nje, mkondo wa Pemba, maji marefu, nduaro, sulisuli, jodari. Shimoni ina jina la miaka mingi kwa huo uvuvi na boti zake zipo, ila bei mjipange, mafuta peke yake yatawatoa jasho. Msimu wake ni ule wa kusi ikishaisha. Nduaro wengi siku hizi wanawekewa alama na kurudishwa majini, mkitaka wa kula ongeeni na nahodha kabla.

Mpakani pitieni Horohoro, mje na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano msiisahau maana kurudi mnaweza kuulizwa. Na msije kwa dau mkatua tu Shimoni kwa sababu mnamjua mtu, siku hizi kuna bandari ya uvuvi na kuna askari.

*

SWALI: Tukishamaliza pomboo na pango tuna siku moja ya ziada, tuna gari letu. Tuone nini hapo karibu kabla ya kurudi Mombasa? – Kikundi cha chama, Voi

JIBU: Inategemea maji (mnanichoka, najua). Siku zikiwa za bamvua nendeni Kibuyuni, ni karibu tu na Shimoni, asubuhi maji yakipwa mkute akina mama wako kwenye mashamba yao ya mwani. Wanafunga vipande kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi, wanavuna, wanaanika, mwingine unauzwa nje na mwingine wanatengenezea sabuni hapo hapo. Kwa kikundi cha chama mi naona hapa ndipo pa kwenda, mkakae nao mwulize wanavyoendesha hesabu zao na wanavyogawana, mtajifunza kuliko semina. Vaeni viatu vya kulowa. Na mnunue sabuni, msiende tu kupiga picha.

Maji yakiwa hayapwi vizuri asubuhi, kateni kwenda Bodo mchukue boti ya Funzi, mpande mto Ramisi katikati ya mikoko. Mamba wapo mtoni kwa hiyo mikono ndani ya boti. Mwambieni nahodha awaonyeshe miti kwa majina, mkoko wenyewe, mchu, mlilana, muia, mkandaa, mtaona kila mmoja una mizizi ya aina yake.

Na mkiwa njiani kurudi, Gazi iko kando ya barabara kuu kabla ya Ukunda. Kuna daraja la mbao la akina mama ndani ya mikoko, na ndiyo nyumbani kwa Mikoko Pamoja, mradi ulioanza 2013 wa kutunza mikoko na kuuza hewa ya kaboni inayofyonzwa, na fedha zikaingia kwenye maji na shule za kijiji. Pale pigeni simu kabla kama mnataka chakula, wanapika vizuri lakini hawapiki kwa kubahatisha, na mkifika watu kumi na tano bila taarifa mtakaa njaa mpaka alasiri.